Maswali ya Wasomaji: Uteuzi wa Wachezaji wa Vyuo katika Futiboli ya Kanada

Tangu tulipochapisha habari fupi kuhusu uteuzi wa kila mwaka wa Ligi ya Futiboli ya Kanada, CFL, tumepokea barua nyingi, hasa kutoka kwa wasomaji wetu waishio Kanada ambao watoto wao wameupenda mchezo huo shuleni. Toleo hili tumelitenga kwa barua hizo, na baadhi tumelazimika kuzifupisha. Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, huu ni ule wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Ni ndugu wa futiboli ya Marekani, ila kila upande una wachezaji 12 badala ya 11, timu hupewa majaribio 3 badala ya 4 ya kusogea yadi 10, na uwanja wake ni mpana zaidi. Ligi ina timu 9, kuanzia Vancouver hadi Montreal, na bingwa hutwaa Kombe la Grey, ambalo lilishindaniwa kwa mara ya kwanza mwaka 1909.

Kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Aprili wenzangu kazini hubishana juu ya nani atachukuliwa wa kwanza. Mimi nimezoea mpira wa miguu, ambako klabu yenye pesa humnunua imtakaye. Kwa nini hapa timu iliyofanya vibaya ndiyo hupewa nafasi ya kwanza?
Msomaji, Edmonton, Kanada

Uteuzi huendeshwa kwa mizunguko 8. Katika kila mzunguko timu hutaja jina moja moja kwa zamu, na zamu hupangwa kwa kufuata msimamo wa msimu uliopita, ambapo iliyoburuta mkia hutangulia na bingwa wa Kombe la Grey humaliza. Kusudi lake ni kuzuia timu chache zisijikusanyie vijana bora mwaka baada ya mwaka hadi mashindano yakakosa ladha. Kanuni hii hushirikiana na nyingine, ile ya ukomo wa mishahara, ambao mwaka 2025 ulikuwa takriban dola milioni 6 za Kanada kwa kikosi kizima. Kwa hiyo hata timu yenye mashabiki wengi haiwezi kuwazidi wenzake kwa mfuko tu.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani kuliko ligi. Timu za mashariki ziliuanza mwaka 1953, miaka mitano kabla ya CFL kuundwa, na za magharibi zikajiunga baadaye. Kwa miaka mingi timu ziliruhusiwa pia kujiwekea kando vijana waliokulia katika maeneo yao kabla ya majina mengine kutajwa. Msimu wa 2020 ulipofutwa kwa sababu ya korona, hapakuwa na msimamo wa kufuata, hivyo mwaka 2021 zamu zikapangwa kwa bahati nasibu na kugeuzwa kila mzunguko, ili aliyekuwa wa mwisho katika mzunguko mmoja awe wa kwanza katika unaofuata.

Zamu ni mali, na timu hubadilishana kwa wachezaji au kwa zamu nyingine. Mwaka 2020 zamu ya kwanza kabisa ilitoka Ottawa ikaenda Calgary, kisha ikaishia kwa BC Lions wa Vancouver, ambao waliitumia kumchukua Jordan Williams. Wenzako wanapobishana, huenda wanabishana juu ya zamu ambayo itakuwa imekwisha kuhama kabla ya siku yenyewe.

Ndugu Mhariri, tulitoka Bukavu, tukaishi kambini Nakivale nchini Uganda, kisha tukaletwa Winnipeg. Kijana wangu alifika hapa akiwa na miaka 10, sasa ana 16 na anacheza futiboli shuleni. Kocha wake anasema anaweza kufika chuo na pengine kuteuliwa. Bado hatujapata uraia. Je, mtoto wa wakimbizi anahesabiwa kuwa Mkanada katika uteuzi huu? Na je, aende chuo cha hapa au cha Marekani?
Mama wa watoto wanne, Winnipeg

Mama, swali lako la kwanza lina jibu la kutia moyo. Uteuzi huu ni wa wachezaji wanaohesabiwa na ligi kuwa wa taifa, na kuna njia mbili kuu za kuhesabiwa hivyo. Ya kwanza ni kuwa raia wa Kanada wakati wa kutia saini mkataba wa kwanza. Ya pili ni kuwa umeishi Kanada kwa jumla ya miaka mitano kabla ya kutimiza umri wa miaka 18, hata kama huna uraia. Mwanao aliyefika akiwa na miaka 10 alitimiza miaka hiyo mitano alipofika 15, mradi hakuondoka nchini kwa muda mrefu. Tunza hati za kuingia nchini, hati za ukaazi na ripoti zote za shule tangu darasa la kwanza alilosoma hapo, maana ndizo zitakazothibitisha tarehe. Uraia nao msiuache, kwa sababu faida zake ni nyingi kuliko za uwanjani.

Wala mwanao hatakuwa wa kwanza kupita njia hiyo kutoka kwenu. Henoc Muamba alizaliwa Kinshasa mwaka 1989, akaletwa Kanada akiwa mtoto, akakulia Mississauga jirani na Toronto, akasoma Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier katika mji mdogo wa Antigonish, Nova Scotia. Mwaka 2011 timu ya mji mnaoishi sasa, Winnipeg Blue Bombers, ilimtaja wa kwanza kuliko vijana wote wa mwaka ule. Mdogo mdogo akawa miongoni mwa walinzi wa kutegemewa, na mwaka 2019 akatunukiwa kuwa Mkanada bora wa ligi. Novemba 2022, katika fainali iliyochezwa Regina, alikuwa na Toronto Argonauts dhidi ya hao hao Winnipeg waliomteua. Zikiwa zimesalia dakika chache na Toronto ikiongoza kwa pointi moja tu, kwotabeki wa Winnipeg, yaani mrushaji mkuu wa mpira, alirusha kuelekea katikati ya uwanja, naye Muamba, aliyekuwa ameisoma njia ya mpira mapema, akaudaka kabla haujamfikia mlengwa. Mchezo ulimalizika 24 kwa 23. Usiku ule Muamba alitajwa mchezaji bora wa fainali na Mkanada bora wa fainali, tuzo mbili kwa mtu mmoja.

Swali la chuo ni gumu zaidi. Ukweli ni kwamba wateuliwa wa kwanza wa kila mwaka kuanzia 2015 hadi 2025 wote walitoka vyuo vya Marekani: Connecticut, Oklahoma, Iowa, Utah na vinginevyo. Kabla ya hapo, kuanzia 2011 hadi 2014, wote wanne walitoka vyuo vya Kanada. Vyuo vya Marekani vina viwanja vikubwa, makocha wengi na ufadhili ambao unaweza kulipia ada, malazi na chakula, ilhali ufadhili wa kimichezo wa vyuo vya Kanada umewekewa mpaka wa ada na michango ya lazima. Hata hivyo, mteuliwa wa kwanza ni mtu mmoja tu. Ukishuka katika mizunguko inayofuata utakutana na majina mengi kutoka Laval, Montreal, Western, Calgary, Saskatchewan na vyuo vingine vya Kanada, ambavyo vilivyo na timu za futiboli ni 27.

Kwa maoni yetu, hali ya hati zenu ndiyo iamue kwanza. Kijana asiye na uraia akienda Marekani atahitaji viza ya masomo na hati ya kusafiria inayomruhusu kurudi bila wasiwasi, na akishafikisha umri wa kuomba uraia mwenyewe, siku anazokaa nje zitapungua katika zile 1,095 zinazotakiwa ndani ya miaka mitano. Jimbo lenu la Manitoba lina chuo kizuri chenye timu, naye akikaa huko atalala nyumbani na kula chakula chako. Muulize kocha atakayemhitaji swali moja: katika wachezaji walioingia miaka minne au mitano iliyopita, wangapi wamemaliza shahada? Kocha mwaminifu atakujibu kwa hesabu.

Nilitazama uteuzi kwenye televisheni nikashangaa kuona majitu ya kilo 140 yakitangulizwa, huku wafungaji wenye mbio wakiachwa hadi mwisho. Kwani timu haziwataki wanaoleta pointi?
Mwanafunzi, Hamilton, Ontario

Swali hili ndilo kiini cha uteuzi wote, na anayelielewa jibu lake hatashangazwa tena na majina yatakayotajwa.

CFL ina kanuni ya idadi ya Wakanada. Timu huanza mchezo na watu 24, yaani 12 wa kushambulia na 12 wa kulinda, na kwa muda mrefu kanuni imedai angalau 7 kati yao wawe Wakanada. Mkataba wa mwaka 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji uliipandisha idadi hiyo hadi 8, lakini nafasi moja inaweza kujazwa na Mmarekani aliyetumikia timu au ligi kwa miaka kadhaa. Nafasi zinazobaki hujazwa na Wamarekani, na Marekani ina mamia ya vyuo vinavyozalisha wakimbiaji na wapokeaji wepesi kila mwaka, wengi wao wakiwa tayari kuvuka mpaka kutafuta kazi. Mkimbiaji mzuri, kwa hiyo, hupatikana hata katikati ya msimu kwa kupiga simu.

Lakini kijana mrefu wa futi 6 na nusu, mwenye kilo 140, anayeweza kurudi nyuma kwa hatua fupi fupi bila kupoteza mizani huku mtu mwenye nguvu kama zake akimsukuma kifuani, ni adimu popote. Kazi yake ni kumkinga kwotabeki. Wanaosimama katika mstari huo ni watano, na kocha akipata Wakanada watatu wa kuaminika pale, tayari amemaliza karibu nusu ya deni lake la Wakanada, akabaki huru kupanga Wamarekani atakapopenda. Katika wateuliwa wa kwanza wa miaka 12, kuanzia 2012 hadi 2023, sita walikuwa watu wa mstari huo: Ben Heenan mwaka 2012, Pierre Lavertu 2014, Alex Mateas 2015, Josiah St. John 2016, Shane Richards 2019 na Dontae Bull 2023. Kinachotafutwa katika uteuzi ni Mkanada ambaye ukimkosa huna pa kumpata mwingine. Huyo huenda asiwe mwanariadha wa kuvutia kuliko wote.

Ukitaka kuona jinsi wanavyopimwa, tazama majaribio ya kitaifa ya mwezi Machi, ambayo mwaka 2025 yalifanyika Regina. Siku ya kwanza huwa ya vipimo: mbio za yadi 40, kuruka juu, kuruka mbele, na kuinua chuma cha kilo 102 ukiwa umelala chali, mara nyingi kadiri mikono itakavyohimili. Watu huzizungumzia sana tarakimu hizo, lakini wasaka vipaji huvuta viti karibu vijana wanapovaa helmeti na kupambana mmoja kwa mmoja. Mlinzi huinama, huweka vidole chini, na filimbi ikilia humrukia mkingaji. Pambano zima halizidi sekunde 3 au 4. Msaka vipaji mzoefu hatazami nani aliyeanguka. Hutazama mikono ya mkingaji ilitua wapi, kama ni ndani ya kifua cha mpinzani au nje kwenye mabega, kama magoti yalibaki yamekunjwa, na kama mguu wa nyuma ulikanyaga chini kabla ya kishindo. Kisha hutazama jambo moja zaidi: kijana aliyeshindwa anarudi vipi kwenye foleni, na kama anaomba kurudia.

Je, Wamarekani nao hupitia uteuzi huu? Hapa kijiweni tumegawanyika.
Msomaji, Dar es Salaam

Hapana. Kila timu ya CFL ina orodha yake ya majina ya wachezaji ambao haki ya kuzungumza nao ni ya timu hiyo peke yake ndani ya ligi. Wamarekani wengi huingia kupitia orodha hiyo au kwa kusajiliwa moja kwa moja. Jina likishaandikwa na timu moja, timu nyingine haiwezi kumfuata mchezaji huyo hadi liondolewe au libadilishwe kwa kitu kingine. Ila ipo hali inayowachanganya watu: kijana anaweza kuwa amezaliwa na kulelewa Marekani lakini akawa raia wa Kanada kwa upande wa mzazi. Jordan Williams tuliyemtaja juu alikulia North Carolina, na ni mama yake aliyekuwa Mkanada. Huyo hupitia uteuzi kama kijana wa Winnipeg.

Mwanangu ni kwotabeki katika timu ya shule. Watu wananiambia nimshauri abadilishe nafasi kwa sababu CFL haiwataki makwotabeki Wakanada. Ni kweli?
Baba, Brampton, Ontario

Ilikuwa kweli kwa muda mrefu, na ilitokana na kanuni yenyewe. Kwotabeki alikuwa hahesabiwi katika idadi ya Wakanada, kwa hiyo timu iliyomweka Mkanada pale haikupata unafuu wowote. Kocha aliyekuwa na Mmarekani aliyecheza miaka minne mbele ya watu elfu themanini hakuona sababu ya kumpa nafasi kijana wa Ontario. Tunaamini kanuni ile ilivunja ndoto za vijana wengi waliostahili kujaribiwa, na ni vyema kwamba ligi imeirekebisha.

Hasara yake inaonekana ukimtazama Russ Jackson. Alizaliwa Hamilton, akasoma Chuo Kikuu cha McMaster, akateuliwa na Ottawa mwaka 1958, akaiongoza kutwaa Kombe la Grey mwaka 1960, 1968 na 1969, na mara tatu akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Baada yake makwotabeki Wakanada waliofika ngazi hiyo walitoweka kwa miongo kadhaa. Brad Sinopoli alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Kanada mwaka 2010 akiwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Ottawa. Calgary ilimteua mwaka 2011 katika mzunguko wa nne, kisha ikamgeuza kuwa mpokeaji. Akawa mpokeaji hodari sana, na mara mbili akawa Mkanada bora wa ligi. Nafasi aliyoteuliwa akiwa nayo, hata hivyo, hakudumu nayo.

Mambo yameanza kubadilika. Nathan Rourke aliteuliwa na BC mwaka 2020 katika mzunguko wa pili, zamu ya 15, na mwaka 2022 akawa Mkanada bora wa ligi akicheza nafasi hiyo hiyo. Mwaka huo wa 2022 Edmonton ilimteua Tre Ford wa Chuo Kikuu cha Waterloo katika mzunguko wa kwanza, zamu ya 8, na pacha wake Tyrell akachukuliwa na Winnipeg kama mlinzi. Edmonton ilikuwa imeshindwa mechi 22 mfululizo katika uwanja wake wa nyumbani, na mkosi huo ulivunjwa Agosti 2023 Ford akiwa ndiye anayerusha mpira. Usimbadilishe mwanao nafasi akiwa bado shuleni. Mwache akue na mkono wake, na kama siku moja kocha wa chuo ataona anafaa kwingine, ataambiwa wakati huo.

Mimi ni mjumbe wa chama cha wafanyakazi kiwandani, na uteuzi huu unanikera. Kijana amesoma, ana kipaji, halafu anaambiwa atafanya kazi mji fulani tu na kwa mwajiri mmoja tu. Hiyo ni haki gani?
Msomaji, Calgary

Umegusa penye kidonda. Kijana anapoteuliwa, timu iliyomtaja ndiyo pekee katika CFL inayoweza kumpa mkataba, na ikitaka inaweza kuzihamishia haki hizo kwa timu nyingine bila kumwomba ridhaa. Akikataa, atabaki na NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, kama itamtaka, au kazi nyingine kabisa. Mshahara wa kuanzia nao si wa utajiri, kwani kima cha chini kilifikishwa dola 70,000 za Kanada mwaka 2023, na kazi yenyewe inaweza kukatizwa na goti moja lililopinda vibaya.

Pamoja na hayo, chama cha wachezaji, kilichoanzishwa mwaka 1965, hukaa mezani na ligi na kukubaliana juu ya utaratibu huu, kwa sababu uteuzi ni mkono mmoja wa mapatano ambayo mkono wake wa pili ni ile idadi ya Wakanada. Ukiiondoa idadi hiyo, timu zingejaza Wamarekani na mamia ya vijana wa Kanada wasingepata kazi katika ligi ya nchi yao. Sisi tungependa miaka ya kufungwa kwa timu moja ipunguzwe, na mchezaji apewe sauti anapohamishwa kabla hajavaa jezi. Lakini kati ya utaratibu huu na soko huria lisilo na idadi ya Wakanada, tungechagua huu.

Ninacheza raga hapa Nairobi, nina miaka 22, kilo 105 na mbio nzuri. Je, ninaweza kuingia katika uteuzi wa Kanada?
Mchezaji, Nairobi

Si katika uteuzi tuliouzungumzia, kwa sababu huo ni wa wachezaji wa taifa. Upo mwingine mdogo kwa ajili ya wachezaji wasio Wakanada wala Wamarekani. Ulianza mwaka 2019 kwa wachezaji wa Mexico na wa Ulaya, na tangu 2021 umekuwa mmoja kwa dunia nzima. Nafasi zake ni chache mno, na timu huzitumia sana kwa wapiga teke, hasa Waaustralia waliolelewa katika mchezo wa kwao wa kupiga mpira kwa mguu. Kama una teke refu na sahihi, hiyo ndiyo silaha yako. Mbio na kilo 105 peke yake hazitoshi, maana watakaokupima watataka video yako ukiwa umevaa helmeti.

Mkenya amewahi kuvuka daraja hilo upande wa Marekani. Daniel Adongo alitoka moja kwa moja kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts wa NFL mwaka 2013, bila kuwa amecheza futiboli kabla. Mwaka 2023 NFL ilileta kambi yake ya kusaka vipaji Nairobi kwenyewe. Fuatilia kambi za namna hiyo, nawe usimlipe wakala yeyote anayekuahidi nafasi Kanada kwa pesa za mbele.

Mwanangu ameteuliwa katika mzunguko wa sita. Tulifanya sherehe. Akaenda kambini mwezi Mei, na baada ya wiki chache wakamwambia arudi chuoni kwa mwaka mmoja. Hapa nyumbani watu wanasema ameachwa. Nimwambie nini?
Baba, Ottawa

Mzee, mwanao hajaachwa. Mchezaji wa chuo cha Kanada aliyeteuliwa anaruhusiwa kuhudhuria kambi ya timu kisha kurudi kuchezea chuo chake, alimradi bado ana misimu iliyobaki kati ya mitano anayoruhusiwa, na timu iliyomteua hubaki na haki zake. Timu hufanya hivyo kwa vijana inaowaona wanahitaji kukomaa, hususan wale wa mizunguko ya chini. Wanaoachwa kabisa huambiwa waziwazi, na haki zao huachiliwa.

Kwa hiyo mwambie mambo matatu. Aombe kwa makocha wa timu maelezo ya maandishi ya kile wanachotaka akifanyie kazi, iwe ni uzito, mbio au mbinu, ili mwaka huu usipite kwa kubahatisha. Pili, asome kwa bidii ile ile. Laurent Duvernay-Tardif wa Chuo Kikuu cha McGill aliteuliwa na Calgary mwaka 2014 katika mzunguko wa tatu, lakini akaenda Kansas City katika NFL. Huko aliendelea na masomo ya udaktari hadi akahitimu mwaka 2018, kisha Februari 2020 akatwaa ubingwa wa NFL. Yeye ni mfano wa nadra, tunakiri, ila ratiba yake inaonyesha kwamba vitabu na kambi vinaweza kukaa pamoja.

Jambo la tatu ni kwamba mzunguko wa sita haumpimi mtu. Andrew Harris wa Winnipeg hakucheza chuo kikuu hata siku moja, wala hakuteuliwa. Alipitia ligi ya vijana katika Kisiwa cha Vancouver, akachukuliwa na BC Lions, na mwaka 2019 aliipa Winnipeg Kombe la Grey lake la kwanza tangu 1990, akiwa mchezaji bora wa fainali na Mkanada bora wa fainali kwa pamoja. Kambi ijayo ya mwanao itafunguliwa Mei. Aanze mazoezi ya nguvu mara tu msimu wa chuo utakapokwisha Novemba, na kabla hajaondoka chuoni ahakikishe amejua ni masomo mangapi yamebaki ili amalize shahada yake, na kama anaweza kuyasoma kwa njia ya mtandao msimu wa CFL ukiwa unaendelea.